Namba Niliyoifunga

Mkuu wa maabara ana tabia moja: jambo likimwelemea, hulipatia jina zuri kisha humkabidhi mtu mwingine. Safari hii jina lilikuwa "Mwongozo wa Kutatua Matatizo ya Mitetemo ya Atomu," na huyo mtu mwingine nilikuwa mimi.

"Una miaka kumi na tisa kwenye hiyo mashine," aliniambia. "Wageni wanakwama kila siku. Waandikie hatua kwa hatua, mpaka mtu asiye na akili aelewe. Na uweke mfano mmoja wa kweli, wa namba iliyokwenda hasi."

Nikasema sawa. Nikarudi chumbani kwangu, nikafunga mlango, nikakaa bila kuwasha kompyuta. Mfano wa kweli nilikuwa nao. Nilikuwa nao kwa miaka miwili, umenikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Kazi yetu si ngumu kuieleza. Tunasaga kitu mpaka kiwe unga laini kama wanja, tunaujaza kwenye kisahani, tunaumulika kwa eksirei. Mashine inachora grafu yenye vilima vingi vyembamba. Halafu kwenye kompyuta tunaeleza jinsi tunavyodhani atomu zimepangana ndani ya ule unga, nayo kompyuta inachora vilima vyake yenyewe. Kutwa nzima tunahangaika kuoanisha vilima vya kweli na vya kudhani. Sasa, atomu haitulii. Kila moja inatetemeka pale ilipokaa, na ukubwa wa mtetemo wake ni mojawapo ya namba ambazo kompyuta inazitafuta. Namba ikiwa kubwa kupita kiasi, pengine hapo hapana atomu uliyodhani ipo. Ikishuka chini ya sifuri, kuna uongo mahali, maana hakuna kitu kinachoweza kutetemeka pungufu ya kutotetemeka kabisa. Hata maiti hawezi kutulia hivyo.

Kaka yangu alikuwa mchoma mifupa. Msicheke, watu walicheka vya kutosha. Alikuwa anakusanya mifupa kwa wachinjaji, anaichoma ndani ya pipa lililofunikwa mpaka inakuwa mkaa, anaiponda, anaijaza kwenye ndoo za majirani, zenye bomba chini. Maji ya kisima yanaingia juu, yanachujika, yanatoka safi. Mtaa wao mzima ulikuwa na kisima kimoja, na nyuma ya kisima kulikuwa na karakana ya kuvunja betri kuukuu za magari. Watu walimpa jina la Mifupa, naye akalipokea kama cheo. Kila asubuhi kabla ya chai alikuwa anaonja maji vikombe viwili: kimoja kutoka kisimani moja kwa moja, kingine kutoka kwenye ndoo. Alisema fundi asiyeonja kazi yake ni tapeli.

Kisha ukaja mwaka ambao watoto wa mtaa ule walianza kuumwa matumbo, na watu wazima wakawa wanaangusha vitu mikononi. Chanzo kikatafutwa, kikapatikana haraka, kama kawaida ya binadamu: ni mifupa. Nani anajua ilikuwa mifupa ya nini? Kamati ya mtaa ikaenda ofisi ya maji. Ofisi ya maji ikasema, leteni ripoti ya maabara. Unga wa ndani ya zile ndoo ukikutwa na kitu kigeni, tutakuja kukipima kisima. Usipokutwa na kitu, basi kisima hakina kosa, tatizo ni mifupa yenyewe.

Na maabara yenyewe ilikuwa yetu, na mashine yenyewe ilikuwa yangu.

Kaka alikuja na vichupa viwili, vimefungwa uzi mwekundu shingoni. Kimoja aliandika KABLA, kingine BAADA, kwa zile herufi zake zilizolala upande mmoja kama ng'ombe waliochoka. Kabla ulikuwa unga mpya, haujaguswa na maji. Baada ulitoka kwenye ndoo iliyotumika miezi sita, na yeye alikuwa akiwaambia watu waubadilishe kila baada ya miezi miwili, hawamsikii.

"Moja inatosha, kaka," nilimwambia. "Foleni ni ndefu."

"Utajuaje kilichoongezeka, Msomi, kama hukujua kilichokuwepo?" Aliniita Msomi tangu siku niliyomaliza chuo, na sijawahi kujua kama ilikuwa sifa au dhihaka.

Nilicheka. Nikachukua kichupa cha Baada, cha Kabla nikakitia kabatini.

Ndani ya mfupa kalsiamu ina makazi ya aina mbili. Namba ya mtetemo ya makazi ya kwanza ilitulia vizuri. Ya pili ikanishukia mpaka hasi sifuri nukta tisa. Nilijua la kufanya, kwa sababu nilifundishwa kama wote tulivyofundishwa pale: namba ikikaidi, ifunge. Unafuta ile ya hasi, unaandika iliyomo kitabuni, sifuri nukta sita, unaifunga isisogee tena, unaendelea na kazi. Mara tisa kati ya kumi kosa huwa ni unga kujazwa vibaya tu. Mkuu mwenyewe alikuwa akisema namba hasi ni kama nguo ya ndani, haianikwi mbele ya wageni.

Lakini nisijifiche nyuma ya Mkuu. Sampuli ya mtu mwingine ingenipa namba ile, huenda ningeisaga upya. Nilikuwa naogopa. Nilijua watu watasema dada mtu amembeba kaka yake, kwa hiyo niliamua kutomtazama mara mbili. Niliifunga namba, nikahakikisha hakuna kilima cha ziada kwenye grafu, nikaandika: "Unga ni mfupa mtupu. Hayakuonekana madini ya risasi wala kitu kigeni." Nikatia sahihi, tena kwa fahari, kwamba undugu haukunipofusha.

Wiki ile ile ndoo zikavunjwa mbele ya mlango wake. Kaka alikaa barazani akizihesabu. Baada ya miezi kumi na moja akafa, mikono ikitetemeka, tumbo limemkaza, na daktari akasema ni figo. Siku mbili kabla, pale hospitali, alinishika kifundo cha mkono.

"Msomi," alisema. "Na ile nyingine?"

Nilijua anasema sampuli ipi, ile ya kichupa cha Kabla. Nikamwambia nitaipima. Nilimwambia hivyo ili anyamaze.

Basi tangu hapo nikawa nasikia kitu. Mchana kweupe, wenzangu wakienda kula, nabaki peke yangu na kinu changu kidogo cha jiwe, nasaga sampuli ya watu, na mchi unapozunguka nasikia mchi mwingine unanifuatia nyuma, mzito zaidi, kama aliokuwa akipondea yeye. Nikisimama, nao unasimama baada kidogo. Mlango wa eksirei ndani ya mashine ukifunguka huwa unalia ta, na kila ulipolia nilihisi mtu amekaa kwenye kiti cha wageni, kile chenye mguu mfupi. Sikugeuka. Mimi si mtu wa kuamini mizimu, nimesoma. Ila nilihamisha kile kiti kikae mbele yangu, nikione.

Ndiyo maana siku ile ya mwongozo nilikaa muda mrefu kabla ya kuwasha kompyuta. Nilipoiwasha nikafungua faili la kaka. Mstari wa kalsiamu ya pili ulikuwa pale pale, sifuri nukta sita, umefungwa kwa mkono wangu. Nikaufungua, nikaiambia kompyuta itafute yenyewe.

Hasi sifuri nukta tisa.

Sawa, nikajisemea, tuandike mwongozo. Hatua ya kwanza: angalia msingi wa grafu. Ukiuchora juu mno au chini mno, vilima vinapoteza kimo chake na mitetemo yote inaharibika. Nikauchora upya, kwa subira, nukta moja moja. Namba haikusogea. Hatua ya pili: angalia kama unga umejazwa vibaya. Uso wa unga ukiwa na mashimo, namba hushuka. Hapo nilipata matumaini, sitaficha, maana kosa la kujaza ni dogo, hata mke wa mtu hukosea kukanda unga. Lakini nikaitazama orodha yote. Uso mbovu huwashusha wote pamoja, haumchagui mmoja. Fosforasi ilikuwa nzuri. Oksijeni nzuri. Kalsiamu ya kwanza nzuri. Aliyezama ni mmoja peke yake.

Nilisimama nikaenda dirishani. Chini pale uani mfagiaji alikuwa anamwagia maji maua yaliyokwisha kufa, kila siku anayamwagia. Nilitamani kufunga faili, kutafuta mfano mwingine, wa chumvi au wa saruji, wa kitu kisicho na mama mmoja na mimi. Nyuma yangu mchi ukazunguka mara moja.

"Nimekusikia," nikasema kwa sauti. Ilikuwa mara ya kwanza kumjibu.

Nikafungua kabati. Kichupa cha Kabla kilikuwa safu ya nyuma kabisa, vumbi limekifunika, uzi mwekundu umefifia. Nikausaga unga wa Kabla, nikausaga na wa Baada uliobaki, kwa kinu kile kile, mkono ule ule. Nikajaza visahani viwili, nikavisawazisha kwa kioo kimoja, nikaviweka kwenye mashine kimoja baada ya kingine. Mashine ikalia ta. Nikakaa kuvisubiri nikiwa nimekitazama kile kiti chenye mguu mfupi. Kilikuwa kitupu.

Kabla: sifuri nukta tano. Namba ya kawaida, nzuri, ya mfupa wowote duniani.

Baada: hasi sifuri nukta nane.

Mashine moja, mkono mmoja, mchana mmoja. Kila udhuru niliokuwa nimejiwekea akiba ulikwisha pale. Ilibaki hatua ya mwisho, ile ambayo kwenye mwongozo huandikwa kwa maneno machache: huenda atomu uliyoiweka siyo iliyokaa pale. Kompyuta inaona kilima kina nguvu kuliko kalsiamu inavyoweza kutoa. Haijui kusema kuna mgeni mzito, kwa sababu wewe hukumtaja. Kwa hiyo inaibana kalsiamu itulie, itulie zaidi, itulie kupita kifo, ili ifanane na kitu kizito.

Nikachukua namba ya mtetemo kutoka Kabla, nikaifunga kwenye Baada. Naam, nikaifunga tena, maana kufunga si dhambi ukijua kwa nini unafunga: namba ya mtetemo na idadi ya wakaaji ukiziachia zote mbili kwa pamoja, zinadanganyana. Kisha nikamtaja mgeni. Madini ya risasi. Nikaiambia kompyuta itafute wangapi wamekaa kwenye makazi ya kalsiamu ya pili.

Ikanijibu: sita katika kila mia.

Vilima vikalalia vilima, pakabaki tofauti nyembamba kama unywele. Hata nyumba yenyewe ya atomu ilikuwa imetanuka kidogo kuliko ile ya Kabla, kama nyumba yoyote iliyojaza wageni. Hakukuwa na kilima cha ziada kwa sababu risasi haikukaa pembeni. Ilikuwa ndani, kwenye viti vya watu, imetulia.

Mifupa ilikuwa inaikamata. Ndoo za kaka yangu zilikuwa zinainyonya risasi ya zile betri kutoka kwenye maji, miezi miwili, mitatu, mpaka zinajaa, na zilipojaa bila kubadilishwa, maji yalipita nayo. Yeye ndiye aliyekuwa akiwalinda. Na yeye peke yake mtaa mzima ndiye aliyekuwa anakunywa kikombe cha kisima kila asubuhi bila kuchuja, ili alinganishe.

Nililia pale pale, kichwa juu ya meza, kwa sauti. Nilipoinuka mchi ulikuwa kimya. Nilingoja useme. Haukusema, na hilo liliniogopesha kuliko kelele.

Nikaandika ripoti mpya nikampelekea Mkuu. Aliisoma akiwa amesimama.

"Faili hili lilifungwa," alisema. "Na marehemu hasemwi vibaya."

"Aliyesemwa vibaya ni marehemu, Mkuu. Mimi ndiye niliyemsema."

"Unajua hii itatufanya tuonekane vipi? Ripoti zote za miaka hiyo zitafukuliwa."

"Zifukuliwe."

"Dada, fikiri. Ungoje kikao cha mwezi ujao, tuiweke vizuri..."

"Kisima kile kinachotwa leo," nikamwambia. "Sasa hivi tukizungumza kuna mtu anachota."

Akanitazama kama mtu aliyekanyagwa kidole akakosa wa kumtukana. Hakutia sahihi. Nikatia yangu, nikaituma ofisi ya maji na kamati ya mtaa kwa jina langu, kisha nikavua koti la maabara nikatoka, nikaenda kwa miguu kwa sababu sikuweza kukaa.

Njia ya kwenda kwa wifi, mjane wa kaka, inapita kando ya karakana ya betri. Maganda meusi yamerundikwa hadi usawa wa ukuta, na kutoka chini yake mfereji mwembamba unatambaa kuelekea kisimani. Nimepita pale mara ngapi? Niliupita mfereji ule siku ya msiba, nimeshika kiatu mkononi nisichafuke.

Wifi alikuwa uani anaanua nguo. Amekonda. Alinikumbatia kwa mkono mmoja, mwingine umeshika kapu.

"Wifi wa mimi! Umetupotea. Kaa, kaa. Mama, mletee shangazi maji!"

Huyo aliyeitwa mama ni mwanawe, mtoto wa pekee wa kaka yangu, ana miaka minane. Wifi akaanza kunisimulia habari zake kabla hata sijaketi: siku hizi mvivu, mwalimu analalamika, mwandiko ulikuwa mzuri sasa umekuwa kama nyayo za kuku, tumbo kila asubuhi, akitumwa kikombe anavunja kikombe. "Sijui amerithi kwa nani. Baba yake alikuwa na mikono ya dhahabu."

Mtoto akatoka ndani na glasi. Aliishika kwa mikono miwili, kwa sababu mkono wa kulia ulikuwa unaning'inia kifundoni kama nguo iliyotundikwa. Maji yalikuwa safi kabisa. Ningeweza kusoma ripoti yangu kupitia maji yale.

"Karibu maji, shangazi."

Nikaipokea nikaiweka chini. Nikasema yote, sikupanga maneno. Nilisema namba ilikuwa hasi, nikaifunga. Nilisema kaka aliniletea vichupa viwili nikapima kimoja. Nilisema kwenye maji ya kisima mna risasi, mifupa ilikuwa inaizuia, na mimi niliandika kwamba hakuna kitu. Nilisema kaka hakufa kwa figo tu.

Wifi hakulia. Aliweka kapu chini, akaingia ndani. Nikasikia anasogeza kitu kizito. Akarudi amekumbatia ndoo, ina bomba chini na kifuniko juu, uzi mwekundu umezungushwa shingoni. Mpya, haijawahi kuguswa na tone la maji.

"Hii aliniachia mimi," alisema. "Wakati wanavunja zile nyingine niliificha chini ya kitanda. Aliniambia, wewe na mtoto msiache kuitumia hata dunia nzima ikisema nini." Akaipangusa vumbi kwa upindo wa kanga, taratibu, kama anampangusa mtu uso. "Nikaisoma ripoti, nikaona sahihi yako. Nikasema basi, dada yake mwenyewe. Dada yake hawezi kumwonea. Sikuitumia hata siku moja, wifi. Kwa sababu yako."

Nilipiga magoti, nikamshika miguu. Hakunisukuma na hakuniinua. Nikamwambia kesho asubuhi tunakwenda hospitali wote, mtoto apimwe damu, yeye apimwe, nitakuwa nao mpaka mwisho. Akasema, "Twende leo." Nikasema ndiyo, leo.

Akamgeukia mwanawe. "Mama, mwaga hayo maji ya shangazi."

Mtoto akainama, akaiokota glasi kwa mikono yake miwili, akayamwaga kwenye mchanga bila kuuliza sababu. Halafu akatazama jikoni, kwenye pipa la bluu walilojaza asubuhi, akanigeukia. Alikuwa na macho ya baba yake, na kichwa amekiinamisha upande mmoja kama alivyokuwa akikiinamisha baba yake.

"Na yale mengine, shangazi?"

"Yote," nikamwambia. "Mwaga yote."